Roki Katika Pembe Nne za Chumba

Mwaka 1973 bendi ya The Who ya Uingereza ilitoa albamu ya santuri mbili iitwayo Quadrophenia. Pete Townshend, aliyeitunga yote, aliiwazia tangu mwanzo kuwa kazi ya kusikilizwa kwa spika nne, moja katika kila pembe ya chumba. Mhusika wake mkuu, kijana Jimmy, ana nafsi nne zinazogombana ndani yake, na kila nafsi inamwakilisha mwanabendi mmoja. Mitambo ya siku zile haikuweza kumpa Townshend alichokitaka, kwa hiyo albamu ikaingia madukani kwa stirio ya kawaida. Mwaka 2011 zilitolewa nyimbo 8 tu kwa sauti ya kuzunguka, yaani ya spika zinazomzunguka msikilizaji. Albamu nzima ilipatikana mwaka 2014, kwenye diski ya Blu-ray, baada ya miaka 41.

Visa vya namna hii ni vingi katika historia ya muziki wa roki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, teknolojia ya sauti ya kuzunguka imetangazwa kwa mbwembwe, ikauzwa kwa muda, ikafa, halafu ikarudi kwa jina jingine. Wengi wanaoitazama kwa mbali huiita historia ya kushindwa. Mimi naona ni historia ya uokoaji. Mitambo ilikufa mmoja baada ya mwingine, lakini kazi iliyofanyika studio ilibaki, kwa sababu kulikuwa na mafundi waliotunza tepu na wasikilizaji waliokataa kutupa santuri ambazo dunia ilikwisha kuzisahau.

Stirio yenyewe haikuja kwa urahisi. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI jijini London, aliomba hataza yake mwaka 1931, lakini santuri za stirio hazikuenea madukani hadi mwaka 1958. Katikati ya hapo Walt Disney alijaribu kuwazungushia watazamaji muziki katika filamu ya Fantasia ya mwaka 1940, akiwa na kondakta Leopold Stokowski. Mfumo ule ulihitaji vifaa vingi na vya gharama kubwa, hivyo kumbi chache mno ziliweza kuufunga. Lakini tayari watu walikuwa wanajua kwamba spika mbili hupanga muziki mbele ya msikilizaji, naye hubaki nje akiutazama. Aliyewahi kusimama katikati ya duara la ngoma anajua tofauti iliyopo kati ya kuitazama ngoma na kuwa ndani yake.

Katika roki, hatua ya kwanza ilipigwa na Pink Floyd. Tarehe 12 Mei 1967, katika ukumbi wa Queen Elizabeth Hall jijini London, walifanya onyesho wakiwa na kisanduku kilichotengenezwa na Bernard Speight, fundi wa studio za Abbey Road. Kilikuwa na kishikio ambacho mpiga kinanda Richard Wright alikisukuma huku na huku, na sauti ikahama kutoka spika moja hadi nyingine kuwazunguka watu waliokaa. Baada ya onyesho kisanduku kile kiliibwa. Kingine kilitengenezwa na kutumika katika ukumbi wa Royal Festival Hall mwaka 1969.

Mwaka huohuo wa 1969 kampuni ya Vanguard ya Marekani ilianza kuuza tepu za chaneli nne kwa matumizi ya nyumbani. Tepu zile zilikuwa safi sana, lakini watu wengi nyumbani walikuwa na santuri, na hapo ndipo vita vilipoanza. Sindano ya santuri husoma mfereji mmoja wenye kuta mbili, yaani chaneli mbili. Utapitishaje nne? CBS ilileta mfumo wa SQ, na Sansui ya Japani ikaleta QS. Mifumo hii yote miwili ilifumba chaneli nne ndani ya mbili, halafu king'amuzi nyumbani kikajaribu kuzifumbua. Tatizo ni kwamba ving'amuzi vya bei nafuu havikuweza kuzitenganisha vizuri, na gita lililowekwa nyuma likavujia mbele. JVC, pia ya Japani, ilichagua njia nyingine kwa mfumo wake wa CD-4: habari za spika za nyuma zilibebwa na wimbi la kilohezi 30, juu kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu. Kwa kusikiliza ulikuwa ndio mfumo bora wa santuri, ila ulihitaji sindano maalumu, na santuri ikichakaa kidogo tu, spika za nyuma zinaanza kukwaruza. RCA nayo ilikuwa na kaseti kubwa za traki nane zilizoitwa Q8, ambazo zilitenganisha chaneli zote nne bila kuzifumba, ingawa zilikuwa na mlio wa tepu na mikatizo katikati ya nyimbo.

Mnunuzi aliingia dukani akakuta mifumo mitatu au minne isiyoelewana. Albamu ya Santana ilikuwa SQ kwa sababu bendi ilikuwa chini ya CBS. Ya The Doors ilikuwa CD-4 kwa sababu ilikuwa ya kampuni ya Elektra. Anayependa bendi zote mbili alitakiwa kununua vifaa vya mifumo yote miwili, pamoja na spika mbili zaidi, amplifaya nyingine na nafasi sebuleni. Ilipofika mwaka 1978 kwadrafoni, yaani sauti ya chaneli nne, ilikuwa imekwisha madukani.

Hata hivyo, katika miaka ile michache zilifanyika kazi ambazo hadi leo naziona kuwa miongoni mwa kazi zenye ujasiri mkubwa katika historia ya kurekodi. Chukua The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, iliyotoka Machi 1973. Saa zinazolia mwanzoni mwa wimbo wa “Time” hazikurekodiwa kwa ajili ya albamu ile. Alan Parsons, fundi mitambo kijana wa Abbey Road, alikuwa amekwenda katika duka la saa za kale akazirekodi moja moja kwa ajili ya santuri ya kuonyesha uwezo wa kwadrafoni. Wimbo ulipohitaji saa, tayari alikuwa nazo. Na “Money” je? Mlio wa sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya kuhesabia fedha ni vipande saba vya tepu, kila kimoja kikiwa kimepimwa kwa rula ili urefu ulingane, kisha vikaunganishwa kuwa pete iliyozunguka kwenye mashine bila kukoma, kwa mapigo saba ya wimbo ule. Katika miksi, yaani mchanganyo wa sauti, ya spika nne aliyoitengeneza Parsons, milio hiyo hutembea kutoka pembe hadi pembe, na unaposikiliza unageuza kichwa bila kujijua.

Mafundi wa CBS nao walikuwa wakichanganya upya albamu za Chicago, Santana, Aerosmith, Jeff Beck na Bob Dylan. Hawakuwa na kanuni. Tarumbeta za Chicago ziliwekwa nyuma ya msikilizaji, gita mbele kushoto, ngoma pande zote. Kwa kuwa kila miksi ilianzia kwenye tepu za traki nyingi, albamu kadhaa za spika nne zina vitu ambavyo stirio haina: solo nyingine ya gita, mwisho usiofifizwa mapema, sauti ya pili ya mwimbaji iliyokuwa imefichwa. Kwa mkusanyaji hiyo ni sababu tosha ya kuzitafuta, hata kama ana nakala tano za albamu ileile.

Roki ilipoiacha sauti ya kuzunguka, sinema iliichukua. Tommy, filamu ya mwaka 1975 iliyotokana na albamu ya The Who, ilionyeshwa kwa mfumo wa chaneli tano. Baadaye Dolby iliingia kumbini, Apocalypse Now ya mwaka 1979 ikatenganisha kushoto na kulia kwa nyuma, sauti ya kidijitali ya Dolby ikafuata mwaka 1992, na DVD ilipofika majumbani mwishoni mwa miaka ya 1990, mpangilio wa 5.1 ukaingia sebuleni kwa mlango wa filamu. Spika tatu mbele, mbili nyuma, na sabufa moja ya besi: hivyo tu. Safari hii hakuna aliyelazimika kununua vifaa kwa ajili ya muziki pekee, kwani vilikuwa vimekwisha kununuliwa kwa ajili ya filamu.

Makampuni ya muziki yaliona nafasi hiyo, yakarudia kosa lilelile. Sony na Philips walitoa diski ya muziki ya SACD mwaka 1999. Kundi jingine la makampuni likatoa DVD-Audio mwaka 2000. Deki ya moja haikusoma nyingine. Mwaka 2001 Apple ikatoa iPod, na umma ukachagua kubeba nyimbo elfu moja mfukoni badala ya kununua spika sita.

Lakini angalia kilichotoka katika dirisha lile dogo. Rumours ya Fleetwood Mac, Hotel California ya Eagles, Harvest ya Neil Young, Fragile ya Yes. Mwaka 2003 Dark Side ilitoka kwenye SACD kwa miksi mpya ya 5.1 ya James Guthrie, ambayo ni ya utulivu zaidi kuliko ile ya Parsons. Mimi nabaki na Parsons. Guthrie anakupa nafasi pana na safi, lakini Parsons anakushtua, na albamu ile ilitengenezwa ishtue.

Diski ya kipindi hicho ambayo msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuijali ni A Night at the Opera ya Queen, iliyotoka kwa DVD-Audio mwaka 2002 ikiwa imechanganywa na Elliot Scheiner, Mmarekani aliyekuwa fundi mkuu wa 5.1 katika miaka ile. Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake iliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kurekodi “Bohemian Rhapsody”, wimbo wa albamu hiyo, kulianza Agosti 1975 katika studio za Rockfield, Wales. Ile kwaya kubwa ya katikati ya wimbo ni watu watatu tu: Mercury na wanabendi wenzake Brian May na Roger Taylor, wakiimba tena na tena kwa siku nyingi. Tepu ilikuwa na traki 24, na hazikutosha. Kila traki zilipojaa, zilihamishiwa kwenye traki chache zaidi ili kupata nafasi ya sauti nyingine, na tepu ikapitishwa kwenye vichwa vya mashine hadi ikaanza kuchakaa.

Katika stirio sauti zile hukujia kama ukuta mmoja. Scheiner ameutawanya ukuta huo. Taylor na sauti yake ya juu kabisa anatokea upande mmoja, anajibiwa kutoka nyuma, kisha kwaya nzima inafunga duara, na kwa mara ya kwanza unaweza kufuata kila mstari peke yake na kutambua jinsi Mercury alivyoupanga kichwani kabla hata wenzake hawajajua wimbo ungekwenda wapi. Jumba la makumbusho yake lilifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, mwaka 2019. Napenda kuamini kwamba siku moja litakuwa na chumba chenye spika tano kwa ajili ya wimbo huu mmoja.

SACD na DVD-Audio zilipokwama, diski nyingi zilikuwa zimechapwa mara moja tu. Zilipoisha, zikawa bidhaa za wakusanyaji, na bei ikapanda. Hapo ndipo ukusanyaji ulipobadilika sura: kutoka kununua kilichopo dukani hadi kuwinda kilichopotea, kulinganisha matoleo, kujifunza ni deki ipi inasoma nini, hata kununua tena ving'amuzi vya SQ. Kampuni ya Involve ya Australia ilitengeneza king'amuzi kipya kinachofumbua santuri za miaka ya 1970 vizuri kuliko vifaa vya enzi ile. Nawaheshimu sana watu hawa. Wangenyamaza, makampuni yasingekuwa na sababu ya kufungua ghala.

Ghala lilifunguliwa kwa kishindo mwaka 2009. Robert Fripp wa King Crimson alimpa kazi ya kuchanganya upya albamu za bendi hiyo Steven Wilson, kiongozi wa bendi ya Porcupine Tree, ambaye alikuwa amejifunza mengi kwa kumwona Scheiner akichanganya albamu yake mwenyewe, In Absentia. Wilson alianza na albamu kama In the Court of the Crimson King ya mwaka 1969, iliyorekodiwa kwa traki nane katika studio za Wessex, London. Kama ilivyokuwa kwa Queen, traki zilijazwa na kuhamishwa, na kila uhamisho uliongeza ukungu. Tepu za hatua za mwanzo zilikuwepo bado. Wilson akazipanga pamoja kwenye kompyuta, akapata ngoma na kinanda cha melotroni kama zilivyokuwa siku zilipopigwa, kabla ya ukungu.

Kazi yenyewe inahitaji uvumilivu ambao msikilizaji hauoni. Tepu nyingi za miaka ya 1970 zina gundi iliyonyonya unyevu. Ukizicheza hivihivi zinanata na kumwaga unga wake. Inabidi zikaushwe kwa joto: zinawekwa kwenye oveni maalumu kwa nyuzi hamsini na kitu za Selsiasi, saa nyingi, ndipo zichezwe na kunakiliwa. Kisha fundi anakaa na miksi ya zamani masikioni na kuijenga upya kwa stirio, kipande kwa kipande: mwangwi wa studio ile, kiwango cha kila solo, mahali hasa gita linapoingia na kutoka. Akiridhika kwamba imefanana, ndipo anapoanza kuitandaza kuzunguka chumba. Wilson anaheshimu mpangilio huo, na ndiyo maana nyimbo anazozichanganya hazigeuki kuwa nyimbo nyingine.

Baada ya Crimson wakaja Jethro Tull, Yes, XTC, Gentle Giant, Tears for Fears. Aqualung ya Jethro Tull, iliyotoka 1971, ilikuwa imelalamikiwa kwa miaka 40 kwa sauti yake ya kukwama, kana kwamba imerekodiwa nyuma ya pazia. Toleo la Wilson la mwaka 2011 lilithibitisha kwamba tepu hazikuwa na tatizo kubwa. Kasoro ilikuwa kwenye miksi. Sasa filimbi ya Ian Anderson wa bendi hiyo inasikika hadi pumzi yake.

Lakini hakuna miksi mpya bila tepu. Mwaka 2017 Gentle Giant walitoa Three Piece Suite, yenye nyimbo za albamu zao tatu za kwanza, na ndani yake mna zile tu ambazo tepu zake za traki nyingi zimepatikana. Nyingine hazipo. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala katika eneo la Universal Studios, Hollywood, pamoja na tepu za wasanii wengi, na umma haukujua ukubwa wa hasara hadi gazeti la New York Times lilipoandika mwaka 2019. Kila toleo jipya la sauti ya kuzunguka linaanza na mtu aliyeandika lebo vizuri kwenye boksi na kuliweka mahali pakavu.

Kwadrafoni yenyewe nayo ikafufuka. Miksi ya Parsons ilitoka katika boksi la Dark Side la mwaka 2011. Kampuni ya Dutton Vocalion ya Uingereza ikaanza kutoa miksi za zamani kwenye SACD, na mwaka 2016 kampuni ya Rhino ikatoa boksi la Chicago lenye diski 9 za Blu-ray, chaneli zote nne zikiwa zimetoka kwenye tepu zenyewe bila kupitia ufumbaji wa SQ. Waliofanya miksi zile katika miaka ya 1970 walikuwa wamezisikia hivyo studio. Wateja wao wengi hawakuwahi.

Sasa kuna Dolby Atmos, iliyoanzia sinema mwaka 2012, yenye spika hata darini. Automatic for the People ya R.E.M. ilitolewa kwa mfumo huo mwaka 2017, Abbey Road ya Beatles ikafuata mwaka 2019 kwa kazi ya Giles Martin, na Juni 2021 Apple Music ikaufungua kwa wateja wake. Nafurahi kwamba milango imefunguka, ila nisifiche wasiwasi wangu. Kinachokuja kwa intaneti kimebanwa, na kinachosikika kwenye earphone ni uigaji wa chumba kwa chaneli mbili. Zaidi ya hayo, kinaweza kubadilishwa au kuondolewa usiku mmoja bila wewe kuulizwa. Diski ya Blu-ray iliyo rafuni mwako inabeba sauti kamili na hakuna wa kuigusa. Kwa sababu hiyo wakusanyaji wanaendelea kununua, nami nawaunga mkono.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, jambo hili haliko mbali kama linavyoonekana. Sebule nyingi zina seti ya spika sita iliyonunuliwa kwa ajili ya filamu, na matoleo mengi niliyoyataja, yakiwemo ya King Crimson na diski nyingi za DVD-Audio, yana traki ya Dolby au DTS ambayo deki ya kawaida ya DVD inaisoma ikiunganishwa na seti hiyo. Tatizo ni spika za nyuma, ambazo mara nyingi huachwa zimepangwa pamoja na zile za mbele juu ya kabati la televisheni. Vuta waya. Zipeleke pembeni ya kochi, nyuma kidogo ya masikio yako, kwa usawa wa kichwa, na usizifiche nyuma ya pazia. Punguza sabufa, kwani seti hizi hutoka dukani zikiwa zimeongezwa besi kupita kiasi. Ukipata diski moja tu, tafuta A Night at the Opera, kaa katikati, na uisikilize albamu yote tangu mwanzo bila kuiruka.